Andika Kabla ya Kutazama

Wenzangu wanafunzi, nataka kusema neno juu ya madaftari yetu ya maabara, na huenda baadhi yenu lisiwapendeze.

Muhula uliopita tulipima nguvu ya mvutano wa dunia kwa timazi iliyofungwa kwenye uzi. Kitabu chasema jibu ni 9.8, mimi nilipata 9.2. Nilifanyaje? Nilishika raba, nikazigeuza sekunde zangu mpaka hesabu ikapatana na kitabu, nikapewa alama zote. Naungama hapa kwani naamini sikuwa peke yangu.

Basi juzi nilisoma habari za mesoni nzito. Mesoni ni chembe ndogo mno, yenye kwaki moja na antikwaki moja. Fikra ya kwaki ililetwa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake. Mesoni ikiwa na nguvu ya ziada haidumu. Huvunjika upesi, nao wataalamu hupiga hesabu kutabiri itavunjika kuwa nini.

Jambo hili si gumu kama jina lake. Msafiri akiwa kituoni Nyabugogo na nauli ya Huye, atafika Huye. Isipotosha, atashuka Muhanga. Nauli ya mesoni ni uzito wake, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho MeV. Mesoni ya D* yenye chaji ina 2010. Ili itoe D na pioni yahitaji kama 2004, kwa hiyo yapita kwa chupuchupu. Lakini B* yaizidi B kwa 45 tu, na pioni yataka karibu 140. Njia hiyo imefungwa. Yabaki kutoa mwanga.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1985 Stephen Godfrey na Nathan Isgur walichapisha hesabu za mesoni nyingi. Mojawapo, yenye kwaki ya chamu na antikwaki ya strenji, walisema itakuwa karibu 2480. Nauli hiyo yatosha kabisa kuvunjika kuwa D na kaoni, maana njia hiyo yataka kama 2360. Mwaka 2003 kundi la BaBar, huko California, likaiona: 2317! Nauli haikutosha. Ikapita njia nyembamba mno, ikatoa Ds na pioni isiyo na chaji.

Je, kuna aliyeshika raba? Hapana. Ile 2480 ingali katika karatasi ya 1985, na kwa kuwa haikufutwa, watu wakapata swali zuri: je, hizi ni kwaki mbili tu, au ni D na kaoni zilizoshikamana?

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kila mmoja wetu aandike kwa wino kile anachotazamia, kabla ya kugusa chombo. Kisha aandike alichokiona. Vikitofautiana, mwalimu atoe alama kwa maelezo ya tofauti. Najua wako watakaosema mtihani hauna nafasi ya mambo hayo. Kweli, lakini daftari si mtihani.

Tena msidhani mambo haya ni ya California tu. Hapa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018 ipo taasisi ya EAIFR, inayoshirikiana na kituo alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani huko Trieste mwaka 1964. Fizikia ya chembe hufundishwa humo. Mmoja wetu akifika pale na mazoea yangu ya raba, atawafaa nini?

Wiki iliyopita niliomba ruhusa kuirudia timazi ile. Uzi ulikuwa sentimita 23.5, nami nilisahau kuongeza nusu ya unene wa tufe, yaani 1.5. Nilipoiongeza, nikapata 9.8 bila kufuta kitu. Ile 9.2 ilikuwa ikiniambia hivyo tangu siku ya kwanza.