Bei ya kiti na bei ya kusubiri



Nina dukuduku ambalo mafundi na wenye maduka tunalizungumza kila siku karakanani, lakini tukifika ofisi za halmashauri tunalimeza. Tunalimeza kwa sababu anayedai ndiye huyohuyo atakayeomba kazi nyingine mwakani, na hakuna anayetaka kuitwa mzabuni msumbufu.

Mimi ni seremala wa Nyanda za Juu Kusini, huku kwenye mbao za paini. Nilianza kuuza kwa halmashauri enzi za bahasha zenye lakiri na sanduku la zabuni lililofungwa kufuli. Ulisafiri kutoka kijijini na nyaraka zako, ukatumbukiza bahasha, ukarudi nyumbani kusubiri. Kwa hiyo mfumo wa NeST, wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulipoanza kutumika mwaka 2023 nilifurahi kwa dhati, na sijabadili mawazo kuhusu sehemu hiyo. Leo mtu akiwa na namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara inayolingana na kazi anayoomba na cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba hadaiwi kodi, anajisajili, anaona matangazo ya nchi nzima kwenye simu yake na kutuma bei bila kupanda basi. Mpango wa ununuzi wa mwaka nao huwekwa humo, hivyo mwenye jicho anajua mapema nani atataka viti, nani saruji, nani karatasi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo imeendeleza ule utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mlango wa kuingilia, kwa kweli, umepanuliwa.

Malalamiko yangu ni ya baada ya kuingia.

Mapema mwaka 2024 nilishinda kazi ya kutengeneza seti 150 za viti na meza kwa shule ya sekondari, kila seti Sh80,000, jumla Sh milioni 12. Sitaitaja halmashauri, maana nia yangu si kumwaibisha mtu, na wenzangu wa wilaya nyingine wananiambia hadithi zao ni hiihii yenye majina tofauti. Nilipewa hati ya ununuzi (LPO). Nilikuwa na akiba ya kama Sh milioni nne na nusu, nikakopa Sh milioni sita kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa (Saccos) kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi. Tulikesha wiki sita, mimi na vijana wanne. Mwishoni mwa Aprili nikapakia mzigo. Kamati ya mapokezi ikahesabu, ikatikisa miguu ya viti, ikageuza meza chini juu kutazama skrubu, ikasaini. Nikapeleka ankara na risiti ya mashine ya kodi (EFD) kama nilivyoagizwa. Risiti ya EFD ikishatoka, mbele ya TRA hayo tayari ni mauzo, hata kama mfukoni huna senti.

Nililipwa Machi 2025. Miezi 11.

Katika miezi hiyo nilijifunza msamiati ambao haumo katika nyaraka zozote za zabuni. Mei niliambiwa fungu halijafunguka. Juni nikaambiwa faili liko kwa mweka hazina, ambaye ofisini wanamwita DT, na DT yuko Dodoma. Wiki ya mwisho ya Juni mtandao ulikuwa chini. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha ukaanza, na deni langu likabadilishwa jina bila mimi kuulizwa: likawa “deni la nyuma”. Deni la nyuma halilipwi hivihivi, lazima lihakikiwe. Mkaguzi wa ndani akataka kuona viti ambavyo kamati ya halmashauri hiyohiyo ilishavipokea na kuvisainia. Tukaenda naye shuleni tukavikuta vyote, vimekaliwa, kimoja kimeshachorwa moyo kwa kalamu. Novemba kidato cha nne walifanya mtihani wa taifa wakiwa juu ya viti vyangu, na mimi nikiwa mlangoni kwa mhasibu kwa mara ya tisa.

Nauliza swali la mtu asiyesomea uhasibu. Nilivyoelewa mimi, LPO ikitoka, fedha ya kazi hiyo iwe imeshatengwa. Ndiyo maana benki na hata muuza mbao wanaiheshimu karatasi hiyo. Sasa fedha iliyokuwa imetengwa kwa viti vyangu ilikwenda wapi kati ya Aprili na Julai? Kama ililipia dharura nyingine, basi mkopo wangu wa Saccos ndio uliogharimia dharura hiyo, na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza kama nakubali kuikopesha serikali.

Nifanye hesabu hadharani. Katika kazi ile nilitarajia kubaki na faida ya Sh1,600,000. Riba ya Saccos ni Sh120,000 kwa mwezi. Kwa miezi 11 ni Sh1,320,000. Nimebaki na Sh280,000, na hapo sijatoa nauli za kufuatilia. Kodi ya zuio ya asilimia mbili waliyokata siilalamikii, kwa kuwa ni kodi yangu mwenyewe iliyotangulia na nitahesabiwa. Nalalamikia fedha za riba, zilizoliwa na kusubiri.

Mwezi wa Oktoba, deni likiwa bado halijalipwa, watumishi wa halmashauri walipita karakanani kukagua leseni. Yangu ilikuwa imekwisha muda na sikuwa na fedha ya kuihuisha. Nikawaomba wakate kwenye milioni 12 zangu. Kijana mmoja akacheka, si kwa ubaya, akasema, “Fundi, zile ni akaunti tofauti.” Nikalipa leseni na faini juu yake kwa fedha ya kuazima. Kwa hiyo faini ya kuchelewa ipo, tena inafanya kazi vizuri sana. Nilichogundua ni kwamba inakwenda upande mmoja. Hata NeST ni hivyohivyo: muda wa zabuni ukifika, mfumo unafunga na dakika moja haiongezwi kwa kisingizio cha mtandao kuwa chini. Sikatai, hiyo ndiyo haki kwa waliowahi. Lakini mapokezi yakishasainiwa, sijawahi kuona saa yoyote inayohesabu siku za halmashauri.

Walioumia zaidi yangu ni vikundi. Kuna akina mama jirani zetu waliopata mkopo wa asilimia 10, ile inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya wenye ulemavu. Walinunua vyerehani. Wakapewa kazi ya kushona mashuka ya vituo vya afya kupitia ile asilimia 30. Wakashona, wakapeleka, wakasubiri. Siku ya marejesho ikafika kabla ya siku ya malipo. Halmashauri ikawa inawadai mkopo, nao wanaidai halmashauri fedha ya mashuka, na waliofuatwa nyumbani ni wao. Afisa maendeleo ya jamii aliyewahamasisha waunde kikundi ndiye aliyetumwa kuwakumbusha deni. Sasa vyerehani vinashona sare za watu binafsi wanaolipa siku hiyohiyo, na zabuni hawataki hata kuisikia.

Matokeo yake yanaonekana. Anayebaki kwenye zabuni ni yule mwenye mtaji wa kukaa mwaka mzima bila kulipwa, na huyo si fundi. Mara nyingi hana hata randa. Anashinda kazi, kisha anatuletea sisi tumtengenezee kwa bei ya kutupa. Wengine wananong'ona kwamba malipo huharakishwa kwa “chai”. Mimi sijatoa wala sijaombwa, lakini palipo na foleni isiyojulikana nani wa kwanza, minong'ono hiyo haikosi mahali pa kuota.

Nina maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya.

La kwanza, kila halmashauri ibandike kwenye mbao zake za matangazo orodha ya wazabuni wanaoidai: mzigo gani, ulipokewa lini, umelipwa lini. Kama shule na zahanati zinaweza kubandika taarifa za fedha za miradi zilizopokewa, na hili linawezekana. Anayelipwa awe yule aliyetangulia kupeleka mzigo, na anayerukwa aonekane amerukwa na nani.

La pili, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi. Waheshimiwa madiwani wasomewe orodha hiyo humo. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huzungumzia madeni ya wazabuni, lakini zinakuja mwaka umeshapita na aliyefilisika ameshafilisika.

La tatu, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), yenye mfumo wa NeST, iiweke ile siku ya mapokezi mahali ambapo mzabuni anayefikiria kuomba kazi anaweza kuiona pamoja na siku ya malipo. Halmashauri hupima sifa za mzabuni kwa kazi alizofanya nyuma. Na mzabuni naye apewe nafasi ya kupima sifa za mnunuzi, aone kama halmashauri fulani hulipa baada ya siku 30 au 300, kisha aamue.

Sisemi watu wasiuze kwa halmashauri. Shule zinahitaji viti, nami najua kuvitengeneza. Mwaka huu tangazo limerudi, seti 200. Nimekaa na kalamu yangu. Mbao, skrubu, vanishi, vijana na faida yangu ndogo: bado inatoka Sh80,000. Nikachukua Sh1,320,000 ya riba nikaigawa kwa seti 150, nikapata Sh8,800 kwa kila seti. Nimeijumlisha. Bei niliyotuma ni Sh88,800.

Hiyo 8,800 haina mbao ndani yake, wala msumari. Ni bei ya kusubiri, na atakayeilipa ni huyohuyo mwananchi ambaye mwanawe atakikalia kiti hicho. Siku wakianza kulipa kwa wakati nitaiondoa.

Fundi seremala,
Nyanda za Juu Kusini
(Jina na anwani ninamwachia mhariri)