Mwacheni Mzee Apige Gitaa Vibaya

Mimi niliacha chuo nikiwa na miaka 21. Baba yangu ameanza masomo akiwa na 57. Mimi niliacha shahada ya biashara, yeye ameanza gitaa. Nilipoacha chuo kelele zilikaa wiki mbili, zikaisha. Lakini juu ya gitaa, mpaka leo shangazi zangu wanapiga simu kuuliza kama Baba ako sawa.

Baba ni fundi wa magari. Gereji yake ni ya jua kali hapa Kawangware, na vidole vyake vimekuwa vigumu kama spana. Mwaka jana, Jumamosi moja, alishuka tao kutafuta vipuri River Road. Akarudi na matatu ya 46 akiwa amepakata gitaa la mtumba lililofungwa kwa gunia. Shilingi 6,500. Mama aliuliza swali moja tu: "Na hiyo italeta nini?"

Hilo ndilo swali la Nairobi. Hapa ukijua kuoka keki, unaambiwa uanze kuuza. Ukianza kukimbia asubuhi, unaulizwa utafungua lini chaneli ya mazoezi. Mnakumbuka shule ya msingi tulivyokuwa tukiandika insha ya "Uraibu Wangu"? Uraibu wangu ni kusoma vitabu, uraibu wangu ni kuogelea (na hatukuwa tumeona bwawa). Sasa sikiliza neno hilo kwenye taarifa ya habari ya saa moja: ni la dawa za kulevya. Ukiwa mtoto uraibu ni burudani, ukiwa mtu mzima ni ugonjwa. Ndiyo maana shangazi wanapiga simu.

Gitaa halikutoka hewani. Baba ni wa upande wa Khwisero, na alipokuwa mdogo kulikuwa na mjomba wake aliyepiga omutibo. Kama hujui omutibo, huo ni ule mtindo wa Waluhya ambapo kidole gumba kinashika besi bila kupumzika, kidole cha shahada kinacheza wimbo, na mtu wa pembeni anakwaruza chupa ya Fanta. George Mukabi ndiye aliyeufanya ujulikane Kenya nzima. Gitaa moja na vidole viwili, ukisikiza unadhani wamekaa watu watatu.

Kosa langu la kwanza, ama zuri langu la kwanza, lilikuwa kumwonyesha Baba video za bluzi. Nilimwekea Mississippi John Hurt. Mzee akainama karibu na simu, akaangalia ule mkono wa kulia, akasema, "Huyu kidole chake gumba ni cha nyumbani." Sisemi huyu alimwiga yule. Nasema fundi alitambua kazi ya fundi. Tangu siku hiyo akaamua anataka bluzi. Omutibo, alisema, anaiheshimu mno kuiharibu mbele ya watu wanaoijua.

Na bluzi ya kuanzia ni rahisi kuieleza. Vipimo 12, kodi tatu (kodi za gitaa, si ile ya landilodi, ingawa zote zinauma). Ukianzia E, unaenda A7, unarudi, unapita B7, unarudi nyumbani. Ni hiyo B7 iliyomshinda. Inataka vidole vinne kila kimoja kwenye uzi wake, na kidole kimoja cha Baba kinalala juu ya nyuzi mbili.

Akatafuta mwalimu, kijana wa miaka 19 anayepiga gitaa kanisani Kangemi. Shilingi 500 kwa somo. Wiki tatu za kwanza hawakuenda popote, kwa sababu kijana aliona aibu kumkosoa mtu rika la babake. Kila akikosea, anaambiwa, "Ni sawa tu, Mzee." Siku moja Baba akaweka gitaa chini: "Mwalimu, garini mimi ndiye mkubwa. Hapa mkubwa ni wewe. Niambie nimekosea." Mimi chuoni sikuwahi kumwambia mhadhiri kitu kama hicho. Nilikuwa najifanya nimeelewa mpaka siku ya mtihani.

Sasa nije kwa kosa lenyewe.

Jioni moja alikuwa chumbani amekwama kwa B7, anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne," halafu anatukana gitaa kwa Kiluhya. Nilikuwa pale mlangoni na simu. Nilirekodi, nikaweka maneno ya kuchekesha juu, nikaachilia. Wasee, ile video ilienda. Ndiyo iliyofanya vizuri zaidi mwaka wangu mzima, na ilinipa tangazo la mafuta ya nywele.

Mteja wake akamwonyesha gereji. "Fundi, kumbe wewe ni msanii!" Naambiwa alicheka na wengine. Alirudi nyumbani, akaweka gitaa juu ya kabati, akala ugali wake. Hakunigombanisha. Alisema tu, "Mama, ungeniuliza." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Gitaa lilikaa juu ya kabati miezi mitatu.

Najua utetezi, kwa sababu niliutumia. Utetezi wa kwanza: watu walimpenda, hakuna aliyemtukana. Kweli. Lakini hakuomba kupendwa. Alikuwa anaomba B7. Mtu anayejifunza anahitaji mahali pa kukosea, na mimi nilifungua mlango wa mahali hapo nikaingiza mji mzima.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi: bila watu wa kurekodi, muziki unapotea. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey asingemkuta Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Katanga, na kumrekodi, labda nusu ya Afrika Mashariki isingejua kwamba gitaa moja linaweza kufanya hivyo. Na pesa si dhambi pia. Bosco huyo huyo alikuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na gitaa lake likatangaza dawa za Aspro redioni. Kwa hivyo tangazo langu la mafuta lina ukoo. Tofauti ni kwamba Bosco alikuwa anajua, alitaka kusikika, na kazi aliikubali mwenyewe. Baba alikuwa amefunga mlango.

Na wanaosema amechelewa, niwape mwaka mmoja: 1963. Mwaka huo Mukabi alikufa, bado hajazeeka. Mwaka huo huo, John Hurt alitafutwa na kupatikana kijijini Mississippi. Alikuwa amerekodi santuri 1928, hazikuuza, akarudi shambani kwa miaka 35. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70 alipopanda jukwaa kubwa kwa mara ya kwanza. Lakini msinisome vibaya. Simtaji ili niseme Baba pia atakuwa maarufu. Namtaja kwa sababu ya ile miaka 35 ambayo hakuna kampuni iliyomjali. Alilima, na jioni akapigia jirani zake. Hiyo miaka haikuwa bure. Ni vile tu hakuna mtu wa nje aliyekuwa anahesabu.

Kizazi changu tumezoea kuhesabu. Mimi nalipwa kwa kuhesabu, sitajifanya mtakatifu. Lakini Baba alilipa karo ya mihula mitano nikaitupa, na hakuniuliza hiyo italeta nini. Alisema, "Basi tafuta kinachokufaa." Yeye akitafuta kinachomfaa kwa 6,500, tunaitisha ripoti.

Video niliitoa. Nikaomba msamaha, mara ya kwanza vibaya ("lakini watu walikupenda, Baba"), mara ya pili vizuri. Hakujibu kitu. Wiki iliyofuata nikasikia gitaa likishuka kutoka kabatini. Amebuni njia yake ya B7: anaruka kidole kimoja. Mwalimu anasema si sawasawa. Baba anasema gari linatembea.

Kwa hivyo kama mzazi wako ameanza kuogelea, kushona vitambaa, Kifaransa, chochote, usimuulize itamlipa lini, na usimtolee simu. Muulize jioni, "Leo umefika wapi?" Halafu umsikize, hata kama ni pale pale pa jana.

Na msiniombe video. Hakuna.