Helikopta ya Umma Si Punda wa Chama

Wananchi wenzetu, nanyi waumini wa makanisa yote,

Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, tulidhani kwamba mali ya serikali na mali ya chama zimetengana. Hazikutengana. Anayetaka ushahidi na ainue macho wakati wa kampeni.

Hebu tuitazame helikopta nyepesi kwa jinsi ilivyoundwa. Aina ya AS350, iliyoruka mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka wa 1974 na ambayo polisi wetu wameitumia, ina injini moja, na hubeba rubani na abiria watano au sita. Haihitaji kiwanja cha ndege: hutua malishoni, katika uwanja wa shule, au kando ya mto. Viti vikiondolewa, machela huingia. Ndoano ikifungwa tumboni mwake, huning'iniza magunia ya chakula au maji ya kuzimia moto wa msituni. Ndiyo kazi yake: kufika pale ambapo barabara imekatika na uhai wa mtu hauwezi kungoja.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha hayo. Zaidi ya watu 200 walifariki. Mto Talek ulipofurika huko Maasai Mara, helikopta zilitumwa kuwaondoa waliozingirwa na maji. Siku hiyo hakuna aliyeuliza chombo hicho kina faida gani.

Sheria nayo haina kigugumizi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 chakataza rasilimali za umma kutumiwa katika kampeni.

Twajibiwa kwamba nchi ni pana na wakubwa wana shughuli nyingi. Ni kweli. Waziri aendaye kukagua mafuriko na apande. Lakini safari ikianza kwa kukagua bwawa na kuishia kwa kuomba kura, mlipa kodi amefanywa mfadhili wa chama asichokichagua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na apitaye juu ya mawingu hamwoni mama mjamzito anayebebwa kwa machela ya miti.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mosi, daftari la safari za helikopta za serikali liwekwe wazi: nani alibebwa, kwa shughuli gani, kwa gharama ya nani. Pili, wagonjwa na waliokumbwa na maafa watangulie. Tatu, mgombea asipande chombo cha umma kwenda kampeni, awe wa serikali au wa upinzani.

Nanyi wachungaji na wazee wa kanisa, helikopta ikitua katika uwanja wenu siku ya harambee, ulizeni mafuta yamelipwa na nani kabla ya kuipokea bahasha. Msamaria mwema alikuwa na mnyama mmoja tu wa kupanda, naye akampakia aliyejeruhiwa.