Turnpike Troubadours: Bendi ya kantri iliyotoboa bila kupiga hodi Nashville

Ukiwa Mkenya, usiniambie kantri ni muziki wa wenyewe. Washa redio Jumapili mchana uone. Kenny Rogers yupo, Don Williams yupo, Dolly Parton anakungoja saa nane. Mzee wako wa Kinangop ama Molo ana Jim Reeves kwenye flashi, na ukigusa hiyo flashi mtakosana. Sir Elvis amejaza kumbi za Nairobi miaka na miaka akiwa na kofia na buti, na hakuna anayemuuliza anafanya nini.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1950, Hugh Tracey akizunguka na mashine yake ya kurekodi alikuta wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swara. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, msee wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa, watu wakasikia ile sauti na wakaamua huyu hawezi kuwa binadamu kamili. Kwa hivyo tumekuwa ndani ya hii stori kabla hata baba zetu hawajazaliwa.

Shida ni kwamba kantri yetu iligandia hapo kwa wazee. Ukimuuliza kijana wa rika langu akutajie bendi moja ya kantri iliyo hai leo, inayocheza na gita za umeme na kujaza viwanja, atakuangalia tu. Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu Turnpike Troubadours wa Oklahoma. Si kwa sababu ni wapya. Wako kwenye gemu tangu 2005. Ni kwa sababu safari yao inajibu swali ambalo kila mwanamuziki chipukizi hapa Kenya analiuliza: inawezekana kutoboa bila lebo kubwa kukushika mkono?

Tuanze na jina. Turnpike ni barabara ya kulipia, kama ile Expressway yetu ambayo wengi wetu tunaiangalia kutoka chini tukiwa kwenye jam. Ile ya kwao inaitwa Indian Nation Turnpike, inakatiza upande wa mashariki wa Oklahoma, na ndiko wavulana hawa walikuwa wakiendesha gari kutoka shoo moja hadi nyingine. Evan Felker anaimba na kuandika sehemu kubwa ya nyimbo, R.C. Edwards anapiga besi na yeye pia anaandika. Walianzia Tahlequah, mji mdogo ambao ni makao makuu ya taifa la Cherokee na pia una chuo kikuu. Shika hilo la chuo kikuu, tutalirudia.

Muziki wanaopiga una jina kwao: Red Dirt, yaani udongo mwekundu. Kama umewahi kushuka matatu Murang'a msimu wa mvua unajua udongo mwekundu ni nini, haukutoki kwenye kiatu. Chimbuko la huu muziki ni mji wa Stillwater, kwenye nyumba moja kuukuu nje ya mji iliyoitwa The Farm. Wanamuziki walikuwa wakikusanyika hapo usiku, wanapiga gita gereji, wanafundishana kuandika. Bob Childers, ambaye wengi wanamwita baba wa Red Dirt, aliishi pale kwa miaka. Nyumba iliungua 2003. Lakini kufikia hapo bendi kama Cross Canadian Ragweed na ile ya Jason Boland zilikuwa zimeshachukua ile sauti zikaipeleka kwenye baa zote za Oklahoma na Texas.

Sasa sauti yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Ukisikiza Turnpike mara ya kwanza, kitu cha kwanza kukugusa ni fidla ya Kyle Nix. Kwenye kantri nyingi ya redio, fidla ni pambo. Inakuja katikati ya wimbo, inalia kidogo, inaenda. Kwa hawa jamaa fidla ni mwimbaji wa pili. Inafungua wimbo, inamjibu Felker, halafu inakimbizana na gita ya umeme ya Ryan Engleman mpaka hujui nani anamfukuza nani. Engleman naye hapigi kama mtu wa kantri anayeogopa kuchafua shati. Anapiga roki. Hank Early yuko pembeni na stili, ile gita ya kulazwa ambayo noti zake zinateleza kama mtu anayelia kwa adabu, na akichoka na hiyo anachukua banjo ama kodiani. Ndiyo, kodiani, kile kile chombo ambacho kina nyanya wa Mlima Kenya walikichezea mwomboko. Nyuma yao wote kuna ngoma za Gabe Pearson, na hizo zimepigwa kwa ajili ya watu kucheza. Hilo si jambo dogo. Bendi ya Oklahoma isiyoweza kuwafanya watu wacheze wawili wawili hairudishwi wiki ijayo.

Juu ya hiyo yote anakuja Felker na maneno. Msee anaandika kama mtu wa hadithi fupi. Kuna mwanamke anaitwa Lorrie ambaye anatokea kwenye nyimbo kadhaa, albamu tofauti, miaka tofauti. Unakutana naye kwenye Good Lord Lorrie, unamkuta tena kwenye The Housefire maisha yakiwa yamesonga, na mashabiki wanabishana mchana na usiku kuhusu mpangilio wa maisha yake kana kwamba ni dada yao. Wimbo The Bird Hunters ni wanaume wawili wameenda kuwinda ndege na mmoja wao ametoka kuachana na mtu. Ni hivyo tu. Hakuna pikapu iliyopakwa rangi, hakuna bia ya kutangazwa, hakuna bendera. Pay No Rent alimwandikia jamaa yake aliyekuwa na baa Okemah, mji ule ule alikozaliwa Woody Guthrie mwaka 1912. Ukisikiza unahisi umekaa kwenye hiyo baa na unajua nani anakaa kiti gani.

Haya, pesa sasa. Mimi nilitoka chuo bila cheti, kwa hivyo uchumi wa muziki nimejifunza kwa simu na kwa kuongea na mabeshte walio kwenye bendi. Lakini hesabu ya hawa jamaa haihitaji digrii.

Albamu ya kwanza, Bossier City, walitoa wenyewe 2007. Ya pili, Diamonds & Gasoline ya 2010, ndiyo iliyowafungulia njia. Ikafuata Goodbye Normal Street 2012, halafu 2015 wakatoa albamu yenye jina la bendi yenyewe, na hiyo ikaingia nafasi ya 3 kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard. Nafasi ya tatu Marekani nzima, bila lebo kubwa ya Nashville nyuma yao. Lebo yao inaitwa Bossier City Records, jina la ile albamu ya kwanza. Usambazaji wanawapa kampuni ya Thirty Tigers, ambayo kazi yake ni kusambaza na kutangaza huku masta zikibaki kwa msanii. Hapo ndipo tofauti iko. Lebo kubwa hukupa chapaa mbele, unanunua gari, halafu miaka kumi baadaye unagundua wimbo wako si wako. Hawa walikula ugali mkavu mwanzoni, lakini masta ziko kabatini kwao.

Walikula nini hiyo miaka yote? Shoo. Na hapa narudi kwa lile la chuo kikuu. Oklahoma na Texas kuna njia ambayo bendi inaweza kuzunguka mwaka mzima bila kutoka nje ya hayo majimbo mawili: baa za miji ya vyuo, kumbi za densi, tamasha za kiangazi, na redio zenye chati yao wenyewe ya muziki wa Texas isiyoijali Nashville. Mwanafunzi anakuona Alhamisi, akimaliza chuo anahamia Dallas, anaenda kuwaambia wenzake kazini. Mwaka unaofuata unacheza Dallas ukumbi umejaa. Hakuna uchawi hapo. Kuna petroli, kuna van, kuna usiku mia kadhaa wa kulala vibaya.

Watu wengi hupenda kumalizia hadithi hapa, hasla imelipa, makofi. Lakini kuna sehemu ya pili na ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya A Long Way from Your Heart ya 2017, bendi ilikuwa juu kuliko wakati wowote, na hapo ndipo ilianza kupasuka. Felker alikuwa akinywa, na si kunywa kwa Ijumaa. Shoo zikaanza kufutwa, nyingine mashabiki wakiwa tayari wamefika. Maisha yake ya nyumbani yakageuzwa umbea wa magazeti na mitandao. Mwishoni mwa Mei 2019 bendi ikatangaza inasimama, bila kusema itarudi lini.

Fikiria hiyo kidogo. Huyu ni mtu ambaye ofisi yake ilikuwa baa kwa karibu miaka kumi na tano. Njia ile ile iliyomjenga, ya shoo mia kwa mwaka na chupa kila meza, ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Tukiongea kuhusu kujitegemea tunaongea kuhusu mkataba na asilimia. Hatuongei kuhusu mwili. Ukiwa bosi wako mwenyewe hakuna wa kukupa likizo ya ugonjwa, na kila mtu kwenye van analipa nyumba kwa sauti yako.

Lakini angalia kilichofuata. Felker aliacha pombe na akaenda kufanya kazi kwenye shamba la ng'ombe, mbali na jukwaa. Wenzake hawakumkatia. Nix alitoa albamu yake 2020 na wachezaji wa bendi wakamsaidia. Na nyimbo zenyewe hazikulala. Vijana walizidi kuzigundua mtandaoni, wengi wao hawajawahi kuiona bendi hata mara moja. Nilivyoelewa mimi, hii ndiyo faida ya masta ambayo watu hawaisemi: ziliwapa muda. Nyimbo ziliendelea kufanya kazi wakati mwandishi wake alikuwa anajifunza kuamka bila hangova.

Mwezi wa Aprili 2022 walirudi jukwaani kwenye Cain's Ballroom, ukumbi wa Tulsa uliojengwa 1924. Tiketi ziliisha upesi. Mwaka uliofuata wakatoa A Cat in the Rain, mtayarishaji akiwa Shooter Jennings, mtoto wa Waylon Jennings. Zach Bryan, kijana wa Oklahoma anayejaza viwanja siku hizi, akawaalika kufungua baadhi ya shoo zake. Kisha Aprili 2025 ikaja ile ambayo mimi nahesabu kama fainali: usiku nne mfululizo kwenye uwanja wa mpira wa Stillwater, Turnpike wakiwa pamoja na Cross Canadian Ragweed, bendi iliyokuwa imevunjika tangu 2010. Uwanja mzima, mara nne, kwa muziki ulioanzia gereji ya mji huo huo. Wiki hiyo hiyo wakadondosha albamu mpya, The Price of Admission, bila hata kuitangaza mapema.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa na gita kitandani Umoja ama Langas, usikimbilie kusema "basi na mimi". Vitu viwili tunavikosa. Cha kwanza ni malipo. 2019 wasanii wengi wa hapa walipewa mirabaha ya kama Sh2,500 kila mmoja na chama chao, na kelele zilizofuata unazikumbuka. Kumiliki masta ni kitu kitamu, lakini masta isiyolipwa ni faili tu kwenye simu. Cha pili ni hiyo njia. Bendi nyingi za Nairobi zinaishi kwa kopi. Mwenye baa anataka nyimbo anazozijua, ukipiga yako mbili mfululizo meneja anakukazia macho. Kwa hivyo bendi inaweza kupiga miaka mitano na isiwe na shabiki hata mmoja anayejua wimbo wake.

La kwanza linahitaji sheria na watu wa kuisimamia, na sitajifanya litaisha kesho. La pili, mimi naona liko karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Juja iko na wanafunzi. Njoro iko nao, Maseno iko nao, Eldoret imejaa. Barabara ipo, matatu zipo. Kinachokosekana ni baa ama ukumbi mmoja kwa kila mji utakaosema Alhamisi ni ya nyimbo za wenyewe, hata kama mwanzo watakuja watu kumi na wawili na watano kati yao ni mabinamu wa mpiga ngoma. Mugithi ilikua hivyo hivyo, msee mmoja na gita moja, kutoka baa hadi baa, kabla redio haijamjua.

Ukitaka kuanza kuwasikiza, usianze na albamu mpya. Anza na Diamonds & Gasoline, upate Every Girl na 7 & 7, uzoee sauti. Halafu ruka hadi ile ya 2015 uisikize The Bird Hunters na earphone, si spika, kwa sababu fidla ina mambo inakunong'onezea. Lorrie utakutana naye njiani. Bando ikiisha katikati, usinitafute.