Maji ya Lambo Yapimwe Kasoli Kwenyewe

KATIKA Kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, mkulima hupanda pamba mwezi Novemba au Desemba, kisha huinyunyizia dawa ili kuiokoa na funza wa vitumba. Mvua inyeshapo, maji hupita mashambani yakateremkia malambo. Je, yamebeba nini? Bila kupima, hakuna bwana shamba wala mwalimu awezaye kumjibu mwananchi, na mitambo ya kupimia mabaki ya dawa ipo mijini.

Hapa ndipo elimu ya nano inapotuhusu. Ndugu msomaji, kile kipimo cha sukari kitumiwacho na wagonjwa wa kisukari ni kihisio cha umeme: kimeng'enya hukutana na sukari, mkondo wa umeme ukazaliwa, ukasomwa kwa tarakimu. Kwa dawa za jamii ya oganofosfati kanuni imegeuzwa. Kimeng'enya kile kile ambacho sumu hukishambulia katika mishipa ya fahamu ya mdudu na ya binadamu huwekwa juu ya elektrodi. Sumu ikikishika, mkondo hupungua, na upungufu huo ndio kipimo.

Sumu ikiwa kidogo, upungufu nao huwa mdogo mno kuonekana. Kwa hiyo wanasayansi hutandaza juu ya elektrodi mirija ya kaboni au chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni 1,000 za mita. Eneo la kugusana huongezeka, elektroni hupita kwa wepesi, na badiliko dogo huonekana.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji la nano.

Lakini tusilewe sifa za usikivu. Kimeng'enya huharibika kwa joto. Kilichokufa sandukuni kitaonyesha mkondo mdogo, na ofisa asiyejua atatangaza sumu pasipo sumu. Tena dawa za pairethroidi, zitumikazo sana kwenye pamba, kimeng'enya hiki hakizikamati. Wataalamu waliosomeshwa kwa jasho la mkulima hawana budi kuleta majaribio yao Kasoli, katika joto la Kasoli, wakati wa kunyunyizia. Bwana shamba na mwalimu wa sayansi wafundishwe kukitumia kihisio, na sehemu ya kila sampuli ipelekwe maabara kuu kulinganishwa, hadi majibu yakubaliane.