Zebaki Kinywani: Yafaa Tuogope Nini?

Mwaka jana, katika muhula wa pili, gego langu moja la chini lilianza kunichoma kila nilipokunywa maji baridi. Nilipelekwa hospitali, na daktari wa meno akasema tundu lilikuwa bado dogo, atalisafisha na kuliziba siku ile ile. Nilikataa. Nilikuwa nimesikia bwenini kwamba dawa ya kuzibia meno ni zebaki, na zebaki ni sumu ya ubongo. Nikarudi shuleni nikitafuna karafuu.

Baada ya miezi minne nilirudishwa kwa daktari yule yule, shavu limevimba. Gego halikuwa la kuzibwa tena, likang'olewa. Alipokuwa akiosha mikono aliniuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia unaogopa nini? Ile niliyotaka kukuzibia haikuwa na zebaki hata chembe." Nikajibu, "Niliona haya, Daktari." Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wazee. Mimi hata ukuta sikujenga. Nimebaki na pengo.

Basi naandika kwa kuwa maneno ya bwenini yalikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo iliyonipokonya jino.

Nusu ya kweli ni hii. Dawa ya kijivu iitwayo amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki; iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Hutoa mvuke kidogo sana wa zebaki mtu anapotafuna. Ugomvi juu yake si wa leo. Katika miaka ya 1840 huko Marekani, chama cha madaktari wa meno kiliwataka wanachama wake waahidi kutoitumia kamwe. Chama chenyewe kikavunjika mwaka 1856, na amalgamu ikaendelea.

Wenzangu hutaja pia Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa wa kutisha ulitambuliwa mwaka 1956. Lakini zebaki ile ilikuwa ya namna nyingine, iliyotoka katika maji machafu ya kiwanda ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki hao. Haifai kuifananisha moja kwa moja na ile iliyoshikana na madini mengine ndani ya jino. Mwaka 2006 zilitangazwa habari za uchunguzi wa watoto zaidi ya 1,000 wa Marekani na Ureno, waliofuatwa kwa miaka mitano mpaka saba. Waliozibwa kwa amalgamu hawakupungukiwa akili wala kumbukumbu kuliko wale waliozibwa kwa dawa nyingine.

Je, kwa nini basi dunia yaiacha? Kwanza, kwa tahadhari: mwaka 2020 idara ya dawa ya Marekani ilishauri kwamba waja wazito, wanyonyeshao, watoto wadogo, na wenye maradhi ya neva au ya figo waepushwe nayo inapowezekana. Pili, kwa sababu zebaki inayomwagwa katika mifereji ya hospitali huishia katika maji na samaki wetu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu Januari 2025, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye hana njia nyingine, na Novemba 2025 wanachama wa Mkataba wa Minamata walikubaliana iachwe ifikapo mwaka 2034.

Badala yake zipo dawa mbili. Resini nyeupe hupendeza, lakini ni ghali, hutaka taa maalumu na jino kavu kabisa, nayo pia haikosi maswali juu ya kemikali zake. Ya pili ni saruji ya unga wa kioo. Hiyo hushikana na jino yenyewe, na hutoa floridi kidogo inayolinda jino. Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi jirani ya Tanzania, ilianzishwa njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuliziba. Saruji ndiyo iliyokuja kufaa zaidi kwa njia hiyo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa upesi katika tundu kubwa.

Kwa maoni yangu, zahanati zetu za vijijini zingepewa saruji hiyo kwanza, maana huko mwenye jino bovu huambiwa neno moja tu: ng'oa. Aliyekwisha kuzibwa kwa amalgamu nzima asikimbilie kuitoa, kwani kuichimba ndiko huleta mvuke mwingi zaidi. Nasi wanafunzi, tunapoketi katika kiti cha daktari, na tuulize kwa adabu: "Daktari, waniziba kwa nini?" Swali hilo halina gharama. Kunyamaza kwangu kuligharimu gego, na jino la pembe si dawa ya pengo.