Msimu wa Kuwinda Haufai Kwetu

Tangu uwindaji wa wanyamapori upigwe marufuku nchini Kenya mwaka 1977, hawajakosekana wanaotaka utengewe msimu wake, kama ifanyavyo Tanzania, ati magendo ya nyama yakome. Siafiki. Msimu hufaa pale wanyama wanapohesabiwa na mwindaji akachagua dume lililozeeka. Huku kwetu, kutoka Ruiru hadi Thika, mashamba ya kahawa yanageuka mitaa, na Kilimambogo, mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, imezingirwa na watu. Mtego wa waya humnasa hata paa mwenye mimba, mwezi wowote. Badala ya kubishania msimu darasani, vyama vya wanyamapori vya shule, vilivyoanza mwaka 1968, vifuatane na askari wa wanyamapori kuing'oa mitego hiyo.